Mwalikwa Aliyebaki Kukaimu

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri, ila siwezi kuliandika hapa kwa sababu kulitumia kunahitaji kibali cha Idara ya Majina, na mkuu wa idara hiyo yuko safarini. Msaidizi wake yuko safarini pia, amekwenda kumwangalia anaendeleaje. Kwa hiyo nitasema "kwetu" tu, na wewe msomaji, ambaye unaishi nchi nyingine kabisa isiyofanana na hii hata kidogo, utanielewa.

Mimi naitwa Chande, karani wa masijala katika Wizara ya Maji. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kupokea majalada, kuyapa namba na kuyapandisha ghorofa ya tano. Yanayopanda nayabeba kwa mikono miwili. Yanayoshuka hayajawahi kuzidi mkono mmoja. Nasema haya ujue kwamba ninayosimulia sikuyaokota barabarani. Nimeyagonga muhuri mwenyewe.

Barua ya mwaliko ilitoka Barafuni, nchi ya mbali yenye baridi na mikutano mingi. Ilimwalika mtu mmoja, Bi. Sikudhani Mangwela, mtaalamu wa maabara yetu, aende kwenye Mkutano wa Kimataifa wa Maji Salama akaeleze jinsi mifupa ya ng'ombe inavyosafisha maji. Nauli, chumba na chakula juu yao.

Lazima nikueleze habari ya mifupa. Kuna wilaya kwetu inaitwa Mbarazi. Maji ya visima vyake ni maangavu na matamu, ila yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa tangu uchanga, meno yake ya ukubwani huota yakiwa na rangi ya chai, na wengine hupinda miguu. Mimi nimezaliwa Mbarazi. Watu wa kwetu hucheka wameziba mdomo kwa kiganja, hata siku ya harusi yao, na wageni hutusifu kwamba tuna adabu sana.

Bi. Sikudhani alitumwa huko kupima maji, akarudi na hasira. Akaanza kuchoma mifupa kwenye tanuru lisiloingiza hewa mpaka ikawa mkaa, akausaga, akaujaza kwenye pipa na kupitisha maji ya Mbarazi. Maji yalitoka yameiacha floraidi humo pipani. Elimu hiyo ilikuwapo duniani zamani, yeye mwenyewe alisema. Alichobuni yeye ni tanuru la udongo ambalo mwanakijiji yeyote anaweza kulijenga kwa siku mbili bila kumwomba mtu saruji.

Kilichobaki kilikuwa mifupa. Na mifupa ilikuwapo, kilima kizima, nyuma ya machinjio makuu ya hapa mjini. Tatizo ni kwamba ni mifupa ya serikali. Inalindwa na polisi mwenye bunduki, na hakuna wa kuigusa bila sahihi ya Waziri. Bi. Sikudhani aliiomba sahihi hiyo miaka minne iliyopita. Jalada lake nililipandisha mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Mzee Chande," aliniambia siku nilipompa ile barua ya mwaliko, "hapa nimesema miaka minne hawajanisikia. Nikienda kusema kule, redio ya kule itatangaza. Na redio ya kule hawa wanaisikiliza kila asubuhi wakinywa chai."

Niliona ana akili. Nami nilikuwa na haraka yangu. Binti yangu, aliyeolewa hukohuko Mbarazi, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Bi. Sikudhani aliwahi kunieleza kwamba meno ya ukubwani huumbika chini ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga. Kila wiki niliyokaa ofisini na muhuri wangu, mjukuu wangu alikuwa akinywa maji.

*

Kikao cha kuujadili mwaliko kilikaa siku tatu baadaye. Nilikuwamo, kwa sababu barua inapojadiliwa jalada lazima liwepo, na jalada lazima liwe na wa kulibeba. Bi. Sikudhani hakuwamo. Hakualikwa.

Katibu Mkuu wetu, Bwana Ngulume, ni mtu anayeongea polepole kama mwalimu anayesomesha imla.

"Ndugu wajumbe," alisema, "barua inasema mtu mmoja. Sasa tujiulize. Mtumishi wa umma ni mtu mmoja? Mtumishi wa umma ana mkuu wake, na mkuu wake ana mkuu wake. Ukimwalika mmoja umeialika ngazi nzima. Hawa Wabarafuni hawajui taratibu zetu tu, tusiwalaumu."

Hakuna aliyewalaumu. Macho yote yakamgeukia Waziri, Mheshimiwa Baltazari Kologwe, ambaye alishusha pumzi kama mtu anayetwishwa gunia.

"Mimi binafsi ndege nimezichoka," alisema. "Mgongo huu mnaouona ni wa ndege. Lakini nitakuwa mzazi wa namna gani nikimwacha mtoto wa kike avuke bahari peke yake, akapigwe na baridi, akose hata wa kumshikia koti?"

Mtoto wa kike mwenyewe ana miaka arobaini na mitatu na ameshazika wazazi wote wawili, lakini maneno yale yalitugusa. Bwana mmoja mwisho wa meza alipangusa macho. Akaingizwa kwenye orodha papo hapo.

Orodha ilikua kwa mantiki safi kabisa. Waziri angekwenda kumfungulia Bi. Sikudhani mazungumzo. Katibu Mkuu angekwenda kumshikia Waziri hotuba. Mkurugenzi wa Ardhi aliingia kwa kuwa maji hupita ardhini, na mkuu wa Idara ya Anga akaingia kwa kuwa mvua hutoka juu. Mke wa Waziri aliwakilisha watumiaji wa maji. Kikundi cha ngoma cha wizara kiliwekwa ili Wabarafuni wasije wakadhani hatuna furaha. Mkurugenzi wa Utumishi, Bwana Anselmi Hyera, alijitwika kazi nyeti kuliko zote: kumchunga Bi. Sikudhani asitoroke akabaki hukohuko, maana wataalamu, alisema, wakiiona theluji hupagawa.

Mpaka tunafunga kikao msafara ulikuwa wa watu thelathini na mmoja, mwalikwa akiwa wa thelathini na moja. Suala la posho lilipita bila mjadala. Sikumbuki suala jingine lililowahi kupita hivyo tangu niajiriwe.

*

Maandalizi yalianza na Semina Elekezi ya Baridi. Makoti mazito yalinunuliwa, na ikaamriwa yavaliwe ofisini wiki mbili mfululizo ili miili iyazoee. Ilikuwa Februari, mwezi ambao kwetu hata mijusi hutafuta kivuli. Siku ya tatu Mkurugenzi wa Ardhi alianguka ukumbini akiwa na koti, skafu na kofia ya manyoya. Taarifa rasmi ilisema amezidiwa na moyo wa kujituma.

Mwezeshaji wa semina alikuwa bwana aliyewahi kukaa saa sita katika uwanja wa ndege wa Barafuni akisubiri ndege ya kwenda kwingine. Alitufundisha kwamba kule watu hawasalimiani, na kwamba ukimsalimia mtu ukamuuliza habari za nyumbani anaweza kuita polisi. Mke wa Waziri aliuliza kama ni kweli kule nyama huuzwa haina mifupa. Mwezeshaji akasema ni kweli. Ukumbi mzima ukasikitika, na hiyo ndiyo mara pekee mifupa ilipotajwa katika maandalizi yote.

Mazoezi ya vitendo yalifanyika soko la samaki, ndani ya chumba cha kugandishia. Viongozi waliingia kwa makundi kufuata vyeo, dakika kumi kila kundi, wakaimba humo kuonyesha ushupavu. Mheshimiwa Kologwe alitoka na magamba ya changu kwenye ukosi wa koti, akawaambia waandishi wa habari: "Baridi tumeionja. Haituwezi." Gazeti la kesho yake liliiweka kauli hiyo ukurasa wa mbele.

Bi. Sikudhani hakupata koti. Yaligawiwa kwa vyeo yakaishia kwa wapiga ngoma. Mke wangu alimpa sweta lake la kanisani, la zambarau, lenye kifungo kimoja tofauti. Akalikunja vizuri kama amepewa joho.

*

Pasipoti za waheshimiwa zilipelekwa ubalozini na dereva, ndani ya mfuko wa kaki, akaingilia mlango wa nyuma. Zilirudi alasiri ileile zikiwa na viza, na kila mmoja kapewa kalenda yenye picha za milima.

Bi. Sikudhani ana pasipoti ya kawaida, kwa hiyo yeye aliingilia mlango wa mbele. Kwanza picha. Sharti la Wabarafuni ni kwamba mwombaji afunge mdomo, asitabasamu, meno yasionekane. Mpiga picha wa pale nje aliniambia kwamba watu wa Mbarazi ndio pekee wanaoipata picha hiyo mara ya kwanza, bila kuelekezwa.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza, nikamshikia bahasha. Dirishani alikaa kijana wa kwetu aliyekwisha kuanza kuongea kama wao.

"Una mume, dada?"

"Sina."

"Nyumba?"

"Nimepanga."

"Shamba? Kiwanja? Gari?"

"Sina."

"Sasa dada yangu, ukishafika kule kitu gani kitakurudisha?"

"Mifupa."

Kijana aliinua kichwa. "Mifupa ya nani?"

"Ya ng'ombe. Ya serikali. Ipo machinjioni, naisubiri miaka minne."

Kijana aliandika kitu. Nilichungulia, nikaona ameandika: *Mwombaji anadai kuwa na ng'ombe, wote wamekufa.* Kisha akasema hiyo haitoshi. Alete barua ya mwajiri iliyosainiwa na wakuu wake wote, kila mmoja kwa mkono wake, yenye kuthibitisha kwamba mwombaji anahitajika mno nchini mwake.

"Anahitajika sana," nikadakia. "Ndiyo maana anaondoka."

Nikaombwa nikasubiri nje.

*

Wakuu wa Bi. Sikudhani, ukihesabu kuanzia msimamizi wa maabara mpaka Waziri, ni kumi na wanne. Na kwa bahati ambayo wakati ule niliiona njema, wote kumi na wanne walikuwa wakimtafuta yeye.

Iko hivi. Kwetu kiti cha ofisi hakiachwi kitupu. Anayesafiri lazima ajaze Fomu Namba 17, Tamko la Kukaimu, ikionyesha nani atashika nafasi yake. Kanuni haisemi huyo kaimu awe na cheo gani. Inasema tu awe mtumishi wa wizara na awe yupo. Sasa Waziri hukaimiwa na naibu wake, na naibu alikuwamo msafarani. Naibu hukaimiwa na Katibu Mkuu, naye msafarani. Walishuka hivyo ngazi kwa ngazi wakitafuta mtu aliyepo, mpaka wakafika maabara, wakamkuta Bi. Sikudhani anasaga mkaa.

Nilikuwapo Bwana Ngulume alipomwita.

"Bi. Mangwela, wewe unataka sahihi yangu kwenye barua ya ubalozi. Mimi nataka ya kwako kwenye Fomu 17. Tusaidiane."

"Lakini na mimi nasafiri, Katibu Mkuu."

"Unasafiri lini?"

"Jumanne, Mungu akipenda."

"Sisi tunatangulia Jumamosi tukaizoee baridi. Kuanzia Jumamosi mpaka Jumanne upo au haupo?"

"Nipo."

"Basi unakaimu. Ni utaratibu tu, mwanangu, usiogope."

Akasaini. Akasainiwa. Kwa siku nne alipanda na kushuka, akatoa sahihi kumi na nne na kupata kumi na nne. Kila fomu niliisoma, nikaigonga muhuri, nikaipa namba. Kila moja, ukiitazama peke yake, ilikuwa sahihi kabisa. Hili nitalijutia mpaka naingia kaburini, maana mtu aliyekuwa na kazi ya kuzitazama zote kwa pamoja ni mimi.

Jumamosi msafara uliondoka kwa ngoma na vigelegele. Jumatatu Bi. Sikudhani alirudi ubalozini na barua yake, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu akaambatanisha nakala za fomu zote za kukaimu. Yule kijana alizisoma, akazipeleka ndani kwa mkubwa wake. Walirudi wawili, na yule mkubwa akamwita mama. Mtu anayeshika ofisi kumi na nne, walisema, huyo hana budi kurudi. Kesho yake, Jumanne adhuhuri, viza ikatoka.

*

Alikuja masijala mbio, sanduku mkono mmoja, chupa ya maji ya Mbarazi na kopo la mkaa wa mifupa mkono wa pili, sweta la mke wangu begani. Ndege ilikuwa ya saa kumi alasiri. Kilichobaki ni mimi kuandika pasipoti yake kwenye daftari la watokao.

Nikafungua daftari. Na kwa kuwa ndani ya gamba lake kanuni zimebandikwa, macho yangu yakaangukia Kanuni ya 44. *Mtumishi anayekaimu nafasi ya mwenzake hatatoka nje ya nchi mpaka mwenye nafasi arejee.*

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamsomea yeye, maana kunyamaza nisingeweza. Nilikuwa naona aibu.

Hakulia. Aliketi juu ya sanduku lake.

"Kwa nafasi moja, au kwa zote kumi na nne?"

"Hata moja inatosha, binti yangu."

"Hakuna ruhusa maalumu?"

"Ipo. Waziri anaweza kuitoa."

"Waziri yuko Barafuni."

"Waziri wa kudumu yuko Barafuni," nikasema. "Waziri ni wewe."

Nilimweleza nilichokuwa nakiona: kwamba akipanda ghorofa ya tano, akakaa kwenye kile kiti, akaandika mstari mmoja wa kujiruhusu mwenyewe, nami nikasaini Fomu 17 ya kumkaimu yeye, angeweza kuwahi ndege. Mimi ningebaki Waziri wa Maji.

Tulipanda. Ofisi ya Waziri ina zulia linalomeza viatu na meza ambayo unaweza kulaza wagonjwa wawili. Alikaa. Akavuta droo kutafuta kalamu, droo ikakwama kwa kujaa, akaivuta kwa nguvu na majalada yakamwagikia mapajani. La juu kabisa nililitambua kwa mwandiko wangu mwenyewe. *Maombi ya Mifupa ya Machinjio kwa ajili ya Mbarazi.*

Akalifungua akaanza kusoma maoni ya pembeni, kwa sauti. "*Lijadiliwe.* *Mifupa ni ya ng'ombe, Wizara ya Mifugo itoe maoni.* *Ng'ombe akishachinjwa si mfugo tena, linarudishwa.* *Nimeona.* *Mwanasheria aseme mfupa ni mali inayohamishika au isiyohamishika.* *Nimeona.* *Nitalipitia nikirudi safari.* *Nitalipitia nikirudi safari.*" Hili la mwisho liliandikwa mara tisa, kwa tarehe tisa.

Alitazama pasipoti, akatazama jalada. Niliona wazi anavyovutwa huku na huku, maana aliitamani ile safari. Alikuwa ameshajifunza kusema "habari za asubuhi" kwa Kibarafuni, aliifanyia mazoezi maabara akidhani hatumsikii. Na mtu aliyenyamazishwa miaka minne anataka asimame mahali asikilizwe, hata mara moja tu.

Akachukua kalamu ya wino wa kijani, ile ambayo kwetu hushikwa na Waziri peke yake, akaandika kwa herufi kubwa: NAKUBALI. Akagonga muhuri.

"Mzee Chande, machinjio yanafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Sasa?"

"Saa nane na robo."

"Malori huidhinishwa na Katibu Mkuu. Kaimu wake ni nani?"

Nikaangalia fomu. "Ni wewe, Mheshimiwa."

"Basi natoa malori manne," alisema, akasaini na hiyo. Alipotoka alilisahau sanduku lake katikati ya zulia.

Machinjioni yule polisi alisoma karatasi yetu kwa kidole, akairudia, akapiga saluti. Ameilinda ile mifupa miaka sita. "Nilidhani nitastaafu nayo," alisema. Kisha akaweka bunduki yake ukutani akatusaidia kupakia. Tulikuwa tumejaza lori la tatu ndege ya saa kumi ilipopita juu yetu. Bi. Sikudhani aliinua uso akaitazama mpaka ikatoweka, fuvu la ng'ombe mikononi. Sitasema hakulia.

*

Ya Barafuni tuliyasikia redioni, redio ya kule.

Bi. Sikudhani alipokosa kutokea, Waziri alisimama kusoma maelezo yake, nakala aliyoipiga chapa Bi. Sikudhani mwenyewe pamoja na vikumbusho vyake, na ambayo Katibu Mkuu alitangulia nayo. Aliyasoma yote, kwa sauti nzito. Alisoma, "Hapa inua chupa uwaonyeshe." Hakuwa na chupa. Alisoma, "Hapa vuta pumzi, usiogope, hawa ni watu kama wewe." Ndipo profesa mmoja wa kule akauliza mwenye utafiti yuko wapi.

Mtangazaji alisema Waziri wetu alipekua karatasi zake zote. Mimi namjua, alikuwa anatafuta uongo. Alipoukosa akasema kweli.

"Amebaki nyumbani. Anakaimu nafasi yangu."

Ukumbi ukasimama ukapiga makofi dakika nne. Profesa akasema hajawahi kusikia nchi yenye busara hivi, ambako waziri humwachia mtaalamu kiti akaenda yeye kubeba karatasi. Msafara ukapewa Nishani ya Kioo. Kikundi cha ngoma kikapanda jukwaani bila kuitwa.

Walikaa wiki tatu wakijifunza theluji. Katika wiki tatu hizo matanuru kumi na moja yaliwaka Mbarazi, na mapipa yakafika shule zote na nyumba nyingi, ya binti yangu ikiwamo. Kila siku nilishuka na majalada kutoka ghorofa ya tano. Nilishuka nayo kwa mikono miwili. Mikono ilinishangaa.

Waliporudi, Mheshimiwa Kologwe alikuta droo tupu, akapiga kelele tukamsikia mpaka masijala. Nani kaigawa mifupa ya serikali bila kamati? Alikuwa ameshachukua kalamu ya kijani afute kila kitu, simu ikalia. Ilikuwa redio ya Barafuni. Walitaka kujua wazo la mifupa lilimjiaje.

"Lilinijia nikiwa naoga," alisema, akaiweka kalamu chini.

Bi. Sikudhani alipewa barua ya pongezi na, katika bahasha hiyohiyo, barua ya onyo kali kwa kukaimu kupita kiasi. Ubalozi nao ulimwita athibitishe kwamba amerudi.

"Sikwenda," aliwaambia.

"Hilo hatulikatai," alisema yule kijana wa dirishani, "lakini uthibitisho wa kurudi uko wapi?"

Walimfungia viza miaka mitano. Kati ya waheshimiwa thelathini waliokwenda, tisa hawajarudi mpaka leo. Mmoja wao ni Bwana Hyera, aliyekwenda kumchunga mwenzake asitoroke.

*

Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu sasa. Wizara ilituma kamati ya tathmini kumfunua mdomo, ikaandika kwamba mafanikio hayajaonekana. Meno yenyewe yataota akiwa na miaka sita au saba. Nimewaambia nitasubiri. Mimi nina mazoea ya kusubiri, na safari hii nasubiri kitu kizuri.

Mwezi uliopita ulikuja mwaliko mwingine, wa mkutano wa mabwawa. Waziri aliandika pembeni: *Bi. Mangwela abaki. Hutusaidia sana akibaki.* Nilimpelekea maabara nikidhani atasikitika.

"Wanakwenda wangapi?" aliuliza.

"Sitini."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Hazitoshi," alisema, akavuta kiti. "Kaa hapa, Mzee Chande. Tuandike barua."

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yetu baada ya saa za ofisi. Tunatafuta mikutano popote ilipo duniani, ya mito, ya mawingu, ya ndoo, tunawaandikia waandaaji kwa heshima na taadhima wawaalike viongozi wetu. Kwa kila mkutano pampu moja inapona. Juzi walikwenda kwenye kongamano la umande, tukachimba visima viwili.

Nawe msomaji, kama huko kwenu unaandaa mkutano wowote, nakuomba utualike. Mada usijali. Chumba kikiwa kidogo watabanana. Ila ufanye hima, ndugu yangu, na ikiwezekana uwe wa miezi mitatu, kwa sababu kuna jalada la maji ya Zahanati ya Kiwambo liko ndani ya ile droo, kina mama wanajifungua kwa maji ya ndoo, na Waziri yupo nchini.